Maji ya Baba

Usifungue ikiwa moto, Maduhu alinionya,
hata kama mnada umekupita, hata kama sangara wanaoza.
Mkono wake wa kushoto una kovu la rejeta ya mtu mwingine,
ngozi imejikunja kama karatasi iliyofungiwa maandazi.
Kwa hiyo nimekaa juu ya bampa tangu adhana ya alfajiri
nikingoja chuma kipoe,
na Mabatini ikiamka juu ya mawe yake,
bati kwa bati, moshi kwa moshi.

Isuzu ya pua. Ilikuwa bluu, siku hizi ina rangi ya viraka.
Baba aliiendesha miaka ishirini na mmoja,
Magu, Lamadi, Geita kwa kivuko,
na popote ilipochemsha alishuka na dumu,
akateremka ufukweni, akachota.
"Ziwa halina duka," alizoea kusema.
"Ziwa halikopeshi, halidai."

Maduhu amelala chali, spana namba kumi na saba.
Bolti inalia, inakataa, inalia,
halafu inatapika.

Uji. Uji wa mtama uliosahauliwa jikoni,
mwekundu, mzito, na vipande vya kutu
vinavyogonga karai kama mvua ya kwanza.
Nikachovya kidole (Maduhu akanikaripia)
nikaopoa konokono, gamba tupu,
dogo kuliko punje ya mchele.
Wewe ulichotwa wapi?
Nyashimo? Au Kigongo, kwenye foleni ya kivuko,
baba akipiga soga na wauza mahindi ya kuchoma?
Alichujia kwa kitenge cha mama,
siku alizokumbuka.

Pa thamostati pana shimo.
Fundi fulani wa Nyakato alimwambia inabana maji,
baba akaing'oa, akaitundika ukutani sebuleni
karibu na picha ya harusi.
Miaka yote nilidhani ni medali.

Tukajaza maji safi, tukaweka dawa, tukawasha.
Ikanguruma, ikatetemesha vikombe vya jirani.
Zima. Ngoja. Mwaga.
Mara ya pili, chai ya rangi.
Mara ya tatu, maji waliyonawia watu wengi msibani.
Ya nne sikuipenda, ilinuka chuma.
Mara ya tano nilidondosha shilingi mia kwenye karai
na nikaweza kuisoma.

Ndipo tukafunga thamostati mpya,
mpira mpya wa juu, maana wa zamani ulikuwa umevimba
kama mguu wa mjamzito,
tukamimina kulanti nusu, nusu maji yaliyokenekwa,
maji ya dukani, baba, yenye risiti.
Maduhu akaminya mpira, akaminya,
hewa ikabeua mara tatu, kina kikashuka,
tukaongeza, tukangoja, tukaongeza.

Yakabaki ya kwenye karai.
Nkwabi, kijana wa gereji, akalinyanyua kuelekea mtaroni.
Mtaro unaingia Mirongo, Mirongo unaingia ziwani.
"Weka chini," nikasema.
"Dada Minza, si yametoka huko huko?"
Nikakosa jibu la haraka.
Yalitoka huko, ndiyo.
Yalitoka huko yakiwa na konokono hai.

Madumu matatu yamesimama nyuma ya mlango wa stoo.
Nimeyaandika kwa mkaa: SI MAJI.
Sijui nitayapeleka wapi. Nimeuliza watu wanne,
wote wamenionyesha mtaro.

Jumatatu tulipanda mlima na magunia sitini ya dagaa,
jua la saa nane, lori zima likinuka chumvi na magamba.
Sindano ilifika katikati, ikatulia hapo.
Sikuiamini. Kila kona niliitazama tena.
Na mguu wangu wa kushoto, wenyewe, bila kutumwa,
ulikuwa ukipapasa chini ya kiti,
ukilitafuta dumu.