Meno ya Jiliwa

Gari letu hulala nje, kwenye theluji.
Gereji ina wageni: fuawe sita,
majiliwa kumi na moja, mojawapo kibogoyo,
na Marlene, mke wangu, ambaye ameacha kuuliza
akaanza kuhesabu.

Miaka thelathini na miwili nilipanga barua za watu
katika posta ya Canora.
Karatasi haina mlio.
Nadhani ndiyo sababu.

Mnadani huenda na gololi ya chuma mfukoni,
niliichomoa kwenye beringi ya trekta.
Naiachia juu ya uso wa fuawe.
Ikiruka ikakaribia kunirudia mkononi,
narudi nyuma, najikuna sikio, najifanya sina haja.
Ikitua kama imeangukia unga, basi,
chuma hicho kilikufa zamani;
huenda karakana iliungua nacho ndani.

Machi ile waliuza shamba la Wasyl Horbatiuk.
Nilimjua kwa bahasha zake tu,
moja kila mwisho wa mwezi, kwenda Winnipeg, kwa binti,
wino umepakazika toka herufi ya kwanza hadi ya mwisho.
Nilidhani ni uzembe.
Nilidhani labda ni machozi. Mtu wa posta hudhani mengi.

Dalali alikuwa ameshauza ng'ombe, jembe, hata mapazia.
Nyuma ya magunia nikaona jiliwa la mguu,
refu kunifika kiunoni, limeganda kwa kutu,
na katikati ya meno yake, kulabu:
ncha imekunjwa, shingo imesokotwa nusu,
kazi imeachwa mtu akaitwa chakula.
"Ya nini hii?" nilimuuliza mwanawe, Terry.
"Sijui. Baba hakuwa msemaji."
Dola arobaini.

Dizeli. Mafuta. Moto. Dizeli tena.
Wiki tatu parafujo haikusogea hata unywele,
kisha Jumapili moja ikalia kilio cha mlango wa kanisa
na kulabu ikaniangukia mguuni.

Hapo ndipo nilipotaka kujua.

Tanuri nililiunda kwa breki ya lori,
pumzi yake kikaushia nywele cha Marlene
(tulinunua kingine; hicho hakizungumziwi).
Solveig Aasen, anayevisha farasi viatu,
msichana wa miaka ishirini na tisa, mabega ya mlango,
alinitazama nikifua, akatikisa kichwa:
"Unapiga kama mtu wa mihuri."
Sikumwambia.

Samaki hukunjwa angali mbichi.
Chuma hukunjwa kingali chekundu.
Mtu wa miaka sitini na minne hukunjwa vipi?
Kwa malengelenge. Kwa cheche ndani ya soksi.
Kwa kulabu kumi na tatu zilizoshindikana,
kila moja ikisokotwa kuelekea kulia
na ile ya Wasyl, kwenye rafu, ikielekea kushoto,
hata alama za nyundo zimelalia upande usio wangu.
Nikabadili koleo. Nikabadili makaa.
Nikageuza fuawe, pembe ikatazama ukuta.
Kulia. Kulia. Kulia.

Jana usiku nilihamisha nyundo.
Mkono wangu wa kushoto hauna adabu, haujui shabaha,
ulipiga fuawe mara mbili, gumba mara moja,
lakini msokoto ukaenda kwake.

Mashoto.
Nikasimama na koleo, makaa yakififia,
nikaziona tena zile bahasha,
kiganja kikifuata maneno kabla wino haujakauka,
kikilichafua jina la binti
herufi baada ya herufi.

Kulabu ya kumi na nne ni mbovu, shingo imepinda.
Marlene ametundika humo funguo za gari.
Ile ya Wasyl nimeirudisha kwenye meno ya jiliwa.
Nimekaza, ila si sana.