Gramu Mia Nne Kasoro

Polisi walinikandamiza vidole kwenye wino mara tatu,
mara tatu karatasi ikatoa madoa matupu.
"Mama, alama zako ziko wapi?"
Ziko Mwaloni, nikamjibu,
zimeliwa na chumvi na miba ya sangara,
miaka ishirini na sita ya kupasua matumbo
nikitafuta bondo.

Kibali kilitoka hata hivyo.
Kilichukua miezi saba, kama mtoto njiti.

Dukani, ghorofani, nyuma ya mlango wa nondo,
Lugalata katandika kitambaa cha kijani
na juu yake kapanga vyuma vitano
kama mtu anayeuza saa.
Anaanza na kubwa. Wanaume wote huanza na kubwa.
"Hii, Mama Nkwimba, mtu haanguki. Anazikwa."
Naishika. Tofali.
Tofali nitalificha wapi chini ya kitenge,
mimi ninayeshinda nimeinama juu ya ndoo?

Nipe ile ya pembeni.
"Hiyo? Hiyo ni ishirini na mbili. Ya kutishia kuku."
Naiweka kiganjani, nafumba macho.
Namba zao sizijui, najua uzito:
bondo kavu, la dume, daraja la kwanza,
nalikadiria kwa mkono na mizani hainiumbui.
Gramu mia nne kasoro, nikasema.
Akageuza boksi, akasoma.
Akanyamaza.

Tukaenda kuzijaribu uwanja wa shabaha, nyuma ya vilima vya Kishiri.
Kubwa ilinipiga teke la punda
kwenye kifundo kilichovunjika mwaka wa mvua nyingi
kikaungwa kombo.
Risasi kumi: mbili karatasini,
moja kwenye kichuguu, zilizobaki anazijua Mungu.
Ndogo ilikohoa tu, kama mgeni anayebisha hodi.
Kumi: saba karatasini.
"Haina nguvu," Lugalata akasema, safari hii kwa upole.
"Mtu mwenye hasira anaweza kuendelea kuja."
Nikasema najua. Nikasema
hata sangara wa kilo arobaini
huja mashuani kwa ndoana ya ukubwa wa kidole.
Lakini nilimsikia. Bado namsikia.

Mwaloni siogopi. Mwaloni kuna taa na macho ya watu.
Naogopa ngazi mia na kumi na mbili
za kupanda kwangu Igogo, kati ya mawe,
pale jiwe linapoegemea jiwe
na giza limepanga chumba.
Hapo ndipo Holo, mwenzangu wa mizani,
alipoporwa pochi ya mauzo,
na kidole, kwa ajili ya pete.
Pete yenyewe ilikuwa ya shaba.

Sasa, iwekwe wapi?
"Mkobani," Lugalata akasema, "wenye zipu yake peke yake."
Mkoba wangu anaujua Masele kuliko ninavyoujua mimi.
Ana miaka mitano; hupekua humo
karanga, sarafu, tochi,
hata miwani yangu huipata yeye.
Basi si mkobani.
Fundi Milembe akanishonea mfuko ndani ya shumizi,
upande wa kulia, kitambaa cha turubai.
Akapima, akakata. Hakuuliza.

Jioni ya kwanza nikapanda ngazi nikihesabu.
Pale penye giza nikapita.
Hapakuwa na mtu. Palikuwa na mbuzi.
Moyo wangu ulimpiga yule mbuzi mara sita
kabla mkono haujafika kwenye kitenge.

Ngazi ya mia, Masele akanisikia kikohozi,
akashuka mbio, mikono wazi,
kichwa chake kimefika pale pale, nyongani, kulia,
kinapolala kila siku.
Nikanyoosha mkono
nikamsimamisha kwa paji la uso.

Akabaki kaning'inia kwenye kiganja changu,
akinitazama.
"Bibi, unaumwa?"
Kidogo, mjukuu wangu.
"Wapi?"

Mkono wangu ule usiokosea
ulikuwa kichwani kwake,
na sikuweza kukisia uzito wake.
Nikamwambia: zunguka. Njoo kushoto.