Makala ya Anga

Kadi yangu ya kazi imeandikwa: mwandishi wa makala ya anga.
Mama Kavugho wa pale Birere aliisoma
akacheka mpaka kitenge kikamlegea:
"Makala ya anga! Gunia moja bei gani?"

Kwa kuwa Goma makala ni mkaa.
Hushuka na chukudu kutoka njia ya Sake, midomo ya magunia imezibwa kwa majani,
na mwenye vidole vilivyoungua ndiye huyajua mazuri.

Mimi yangu nauza usiku, saa tisa kasoro,
katika studio iliyobandikwa trei za mayai ukutani,
Muhindo ameubana waya wa antena kwa koleo,
jenereta inakohoa nyuma ya choo.
Mbali huko, kwenye pwani nisiyoijua,
roketi imesimama wima, inafuka moshi mweupe,
nami naitafsiri.

Taabu ni maneno.
Kurusha: watoto hurusha mawe.
Kufyatua: hilo hapa silitamki usiku,
kuna mtu atashuka kitandani, alale sakafuni, awafunike wanawe kwa kifua.
Basi nasema itaondoka.
Kama shemeji anayesafiri.
Itaondoka, wasikilizaji wapendwa, panapo majaliwa.

Simu ya kwanza ni ya Ndoole, msukuma chukudu.
"Inabeba kiasi gani?"
Tani ishirini.
Kimya. Namsikia akipiga hesabu kwa pumzi.
"Magunia mia mbili ya viazi. Na breki?"
Miaka sita kwenye kazi hii, sijawahi kuulizwa breki.
Nikamwambia nitachunguza.

Kumi. Tisa. Nane.
Sikio la kushoto linasikia lugha yao,
mdomo unasema yetu, nyuma kidogo, kama mwangwi wenye heshima.
Saba.

Wamesimamisha.
Vali moja haikufunga. Labda kesho. Labda Jumanne.
Nimetangaza labda nyingi kuliko safari.

Hakuna aliyepiga simu kulalamika.
Katika mji ambao lava iliwahi kulala juu ya njia ya ndege
ikapoa hapohapo, nyeusi, bila kuomba radhi,
mtu haulizi kwa nini chombo hakikuruka.
Alipiga bibi mmoja tu, wa Katindo,
alitaka kujua kama wale vijana wa ndani
wameshushwa, wamepewa chai.

Saa kumi na moja natembea kurudi nyumbani.
Tumbo la wingu juu ya Nyiragongo ni jekundu,
na nyota moja inapita haraka mno kuwa nyota.
Ninaijua jina, urefu wa mabawa, idadi ya waliomo.
Sina wa kumwambia.

Mama Kavugho amekwisha kuwasha jiko.
"Imeondoka?"
"Bado."
Akapuliza. Cheche ikapanda
mpaka usawa wa kilemba chake, ikazimika.
Hakuna aliyeisemea neno.
Nikanywa chai, nikadai chenji yangu.