Flashi ya Lugembe

Makoroboi, juu ya duka la nyavu,
Lugembe anachomeka flashi iliyofungwa plasta ya kidonda,
anabonyeza F12 haraka haraka
kama mtu agongaye mlango wa uani.

Diski ya marehemu inakwaruza tu, haiwaki.
"Leo itaazima akili," anasema.
"Tukichomoa, itasahau kuwa iliwahi kuamka."

Mistari myeupe inashuka. Feni inakohoa.
Nyanzobe, aliyevuka alfajiri kutoka Nansio,
hajaketi.

Kisha mafaili: risiti za dagaa,
mkopo wa injini, mkopo wa kulipia mkopo,
na picha moja asiyojua ilipigwa lini:
yeye, kalala mkekani, mdomo wazi,
kitenge kimefunikwa vizuri miguuni.

"Nihamishie hiyo," anasema.
"Madeni yaache humo humo."