Digrii Sitini na Moja

Bi Time wa Limbani kanipigia mara tatu.
"Njoo, Raya. Mtandao wangu unakufa adhuhuri
na kufufuka ikishaadhiniwa Isha.
Kampuni wanasema kosa si lao.
Jirani kanambia nifukize ubani."

Nikapanda darini kwa ngazi ya kuazima,
tochi mdomoni, kanga kiunoni,
na kipimajoto cha mwoka mikate wa Jadida.

Huko juu bati halina huruma.
Magunia matatu ya karafuu, matupu,
harufu imebaki, mavuno yameshaliwa.
Jasho linaning'inia kwenye kope.
Mshale ulipanda polepole, kama mtu mwenye magoti mabovu,
ukapita hamsini,
ukapita sitini,
ukatua kwenye sitini na moja.

Na waya wenyewe, maskini,
umelazwa kileleni, ubavuni mwa bati,
umefungwa pamoja na nyaya za umeme kama mateka,
ngozi yake inabanduka kama ganda la kitunguu.
Nikaukwangua kwa wembe:
juu mwekundu, ndani mweupe.
Alumini iliyovishwa shaba,
bibi harusi wa dhahabu ya kuazimwa.

Nikashuka, nikamweleza:
"Waya ukipata moto njia yake hukaza.
Maneno huchoka kabla ya kufika.
Usiku dari likipoa, yanapita."

Akanyamaza.
"Kumbe si yeye."
"Yeye nani?"
"Sleyum. Yuko Maskati, dukani kwa watu.
Hupumzika saa sita u nusu, ndipo hunipigia.
Kila siku uso unaganda, mdomo wazi.
Nikadhani ananikatia
kwa kuwa nimeanza kumuuliza habari za kuoa."

Chake, dukani kwa Mbarouk Asaa,
maboksi yamepangwa hadi darini.
"Chukua huu wa buluu, wanaununua wote."
Nikausogeza mwangani, nikasoma maandishi madogo kama sisimizi:
sitini.
"Dari lina sitini na moja."
"Digrii moja, Raya! Nani kafa kwa digrii moja?"
"Na huu ni mwezi wa saba, Mbarouk, watu wanalalia mashuka.
Mwezi wa pili njoo upande wewe."

Akacheka, akainama chini ya meza,
akatoa roda lenye vumbi: sabini na tano.
Nikatoa wembe.
Mwekundu mpaka moyoni.
Nikaupima kiganjani: mzito,
kama ahadi ya mtu asiyesema sana.

Mita ishirini na nane, elfu arubaini na mbili.
Bi Time alinipa thelathini.
Kumi na mbili nikazitoa kwangu,
deni nikaliandika mkononi kwa kalamu,
jasho likalifuta kabla sijafika Wete.

Sikuupitisha kileleni tena.
Nimeushusha juu ya mtambaapanya, kando ya ukuta,
pale upepo unapoingia kwa chini ya upenu,
mbali na umeme,
na sikuukaza:
kinachopashwa moto kila siku
kinataka mahali pa kujinyoosha.

Kesho yake saa sita u nusu nilikuwepo, eti kukagua.
Uso wa Sleyum ukatokea, ukabaki.
Wakaulizana mvua, bei ya mchele, magoti.
Dakika ya kumi na nne maneno yakaisha.

Zamani waya ungewaokoa.
Sasa wakabaki kutazamana,
bati juu likialika kwa jua, tak, tak,
Bi Time akizungusha ncha ya mtandio kidoleni,
hata yule wa upande wa pili akakohoa:
"Mama. Ile habari ya kuoa…"

Nikabeba ngazi ya watu, nikatoka.