Nusu Mfuko

Fundi Shaame alipomaliza kuziba nyuma ya choo
alinawa, akagonga mwiko ukingoni mwa karai,
akauliza: "Na hii iliyobaki, Bi Mize, niimwage?"
Nikamwambia, humwagi kitu.
Wewe unaondoka na baskeli yako, mie nabaki na nyumba.

Iliyokwisha tiwa maji haina akiba.
Hiyo niliisukumia kwenye shimo la njiani,
kuku wakaja kutia sahihi.
Lakini ule mchanganyiko mkavu,
saruji karai moja, mchanga karai nne,
mchanga wa shimo, si wa pwani
(wa pwani una chumvi, ukuta hulia miaka),
ule haujaonja maji.
Haujui bado kama ni ukuta.

Nikatafuta ndoo ya rangi yenye mfuniko wa kubana.
Ndani yake mfuko wa nailoni, ndani ya mfuko mwengine,
hewa nikaikamua kama mtu anayekamua tui,
shingo nikaikaza kwa ukanda wa mpira wa baskeli.
Chini sikuiweka.
Sakafu za Wete hunywa masika mchana, zikatapika usiku.
Ipo uvunguni mwa kitanda cha wageni,
juu ya vipande viwili vya mbao,
na mfunikoni nimeandika kwa mkaa:
Mfunguo Tano.

Wifi yangu Time hunicheka.
Kwake kuna mtungi wa chokaa,
imelala chini ya maji tangu hajaolewa,
na kila mwaka, asema, inazidi kulainika kama samli.
Chokaa huogopa hewa, saruji huogopa umande.
Ukizilaza chumba kimoja zitasengenyana.

Kipimo changu ni kikombe cha bati kilichong'oka mkono.
Vikombe viwili: kizingiti, alipopamega Khatibu kwa gurudumu.
Kimoja: tundu la panya, pamoja na vigae vya chupa.
Nusu: pale msumari wa saa ulipotoka na nyama ya ukuta.
Watu huazimana chumvi;
Bi Riziki wa nyumba ya tatu
alikuja na kibakuli kuazima ukuta.
Akarudisha mkate wa mofa, ungali moto.
Sijui mpaka leo deni lile limelipwa au limezidi.

Kabla sijachota, natia vidole, nafinya donge.
Likivunjika kama unga wa muhogo, lina uhai.
Likikataa, silibembelezi.

"Nani aliyekufunza haya?" Fundi Shaame aliniuliza
huku akifunga kamba za viatu.
Nikamwambia: hicho ulichokikalia.

Ule ulikuwa mfuko mzima.
Faki aliununua Chake, ajenge baraza mbele ya mlango,
watu wawili waketi na birika la kahawa baina yao.
Aliuegemeza ukutani, akasema, Jumamosi.
Kisha kifua.
Kisha hospitali, kisha masika,
na hakuna aliyekumbuka kuuinua sakafuni.
Nilipotoka eda karatasi ilichanika yenyewe
na ndani mlikuwa na jiwe lenye sura ya mfuko,
mikunjo yote, hata alama za uzi wa mshono,
hata kibonde kile cha juu
alipoukandamiza kwa goti akiushusha garini.

Vijana wanne waliuburura hadi nje.
Walitaka kuutupa korongoni.
Nikasema, basi, hapo hapo.

Fundi alisimama, akajipangusa nyuma,
akautazama kama anayemtazama mtu aliyemkanyaga kwa bahati mbaya.
Halafu akakaa tena. Kamba ya pili ilikuwa bado.

Leo Khatibu amekuja mbio:
ukingo wa mfereji uani umebanduka.
"Vikombe vingapi, mama?"
Ngoja, namwambia. Nimepiga magoti,
mkono mmoja uvunguni, navuta ndoo.
Kwanza tufinye donge.