Ti-taa-ti-ti-ti

Fundi Lwaboshi alinifundisha kwa kugonga kijiko kwenye sufuria:
kifupi ni ti, kirefu ni taa.
Kadutu nzima giza, SNEL wamelala,
nami nina taa mdomoni, taa kidoleni.

Kwanza sikiliza, alisema. Hewa ni ua wa watu.
Uliza kama pana mtu, kama unavyopiga hodi.
Ukijibiwa kimya uliza tena,
kimya cha kwanza huenda ni mtu anatafuna.
Ukimaliza neno lako, weka K.
K ni karibu,
ingawa Wazungu walioitunga hawakujua.

Usiku ule wa Novemba nilikuwa na Ilmari wa Oulu,
mkono mzito, wa mpasua kuni,
anavuta kila taa kama anayechelea kuimaliza.
Kwake theluji imefika dirishani. Kwangu mvua.
Radi za Kivu zinakwaruza maneno,
namwomba arudie jina la mbwa wake,
anarudia.

Ndipo mlima ukateleza.
Si wote. Kipande, upana wa jiko la Mama Nsimire.
Nilisikia mabati, kisha sauti yake ikiita jina moja.
Mkono wangu ukapiga ti-taa-ti-ti-ti, ngoja,
hata sikuutuma. Nikatoka pekupeku.

Tulichimba kwa jembe, kwa sahani, kwa mlango wa choo.
Tukachomoa betri redioni, betri ya Cirhuza kinyozi
niliyoazima mpaka asubuhi, tukawasha balbu.
Murhula, miaka minne, alikuwa chini ya meza,
sufuria kichwani,
amekasirika kwamba ugali umeingia udongo.

Saa tisa na dakika arobaini nikairudisha betri mahali pake.
Kidole cha shahada kimechubuka, ufunguo umejaa matope.
Nilipiga alama yangu ya mwito na kiulizo, basi.
Nani akeshe
kwa ajili ya herufi mbili?

Ti-taa-ti.
Nimepokea.

Hakuuliza kitu. Akapiga sabini na tatu, salamu yetu,
nikapiga yangu, akafunga, nikafunga,
kisha vile vitone viwili vya mwisho, ti ti,
ambavyo haviandikwi kwenye kanuni,
kama mtu aliyekwisha kuaga
anavyogeuka tena akifika langoni.

Kadi yake ilifika Agosti, kupitia Cyangugu, imekunjika pembe.
Kuanza 19:04. Kwisha 01:43. Saa za dunia.
Pale pa maelezo hakuandika neno.

Nimeibandika kwa Cirhuza, chini ya bei za ndevu.
Anawaambia wateja kwamba betri ilikuwa yake,
kwa hiyo hata ile subira, nusu ni yake.
Sijambishia.